Pangaboi Tulilolicheka, Pangaboi Tunalolililia

Mwezi Septemba 2016, ndege mbili za Dash 8 Q400 zilipotua Dar es Salaam kuja kulifufua shirika letu la taifa, Air Tanzania, mjadala uliozuka mitaani na mitandaoni haukuhusu nauli wala ratiba; ulihusu pangaboi. Watu wengi waliona aibu kwamba taifa lililosubiri ndege zake kwa miaka mingi limeletewa ndege zenye mapanga yanayozunguka nje, kama feni ya darini, badala ya jeti. Nilikuwa Arusha wakati huo, na kwenye kijiwe cha kahawa ninachokaa jioni nilisikia maneno hayo yakisemwa kwa uchungu wa kweli. Kilichonishangaza ni kwamba wasemaji walikuwa wale wale ambao siku nyingine, mazungumzo yakigeukia zamani, husimulia kwa sauti iliyolegea jinsi Fokker Friendship ilivyokuwa ikishuka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, jioni, na jinsi mluzi wa injini zake ulivyokuwa ukitangulia kufika kabla ndege yenyewe haijaonekana.

Kwa maneno mengine, pangaboi jipya lilikuwa fedheha na pangaboi kuukuu lilikuwa kumbukumbu tamu, ilhali mashine ni ya ukoo mmoja. Mkanganyiko huo unastahili kuchambuliwa, kwa sababu umetuzuia kutambua ni kitu gani hasa tunachokitamani tunapozitamani ndege za zamani. Katika nchi nyingi, anayezililia ndege za rafadha, yaani za mapanga, anakililia kitu kilichotoweka machoni pake. Hapa kwetu hazikutoweka. Asubuhi yoyote ya msimu wa watalii, ukisimama kando ya uzio wa kiwanja cha Kisongo, hapa Arusha, utaona Cessna Caravan zikifuatana kuruka kwenda Manyara, Seronera, Ndutu na Kogatende, na baina yake ATR, ndege kubwa zaidi ya mapanga, inayotoka au kwenda Dar es Salaam. Mapanga tunayo tele. Tulichopoteza ni kingine.

Historia ya usafiri wa anga katika eneo hili ilianza na rafadha. Mwaka 1930 Mswisi Walter Mittelholzer aliruka na ndege juu ya Kilimanjaro akipiga picha za Kibo, na miaka miwili baadaye shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipofungua njia ya London hadi Cape Town, Moshi ilikuwa miongoni mwa vituo vyake, kati ya Nairobi na Dodoma. Wapo wanaodhani kwamba ndege zilifika Moshi kwa hisani ya watalii, kumbe mji huo wa kahawa na reli ulikuwa kwenye ramani ya safari za mbali miaka 39 kabla ya uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro kufunguliwa mwaka 1971. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja East African Airways, iliyoanza safari mwaka 1946 kwa Dragon Rapide, ndege ndogo za mabawa mawili yaliyopandana, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa. Zikafuata Dakota, yaani Douglas DC-3, na mwaka 1962 zikaingia Fokker F27 Friendship kutoka Uholanzi, zile ambazo watu wa rika langu ndizo walizozijua.

Dakota inastahili maneno zaidi kidogo. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na vita vilipopamba moto zilitengenezwa zaidi ya 10,000 kwa matumizi ya jeshi. Amani iliporudi, maelfu ya ndege hizo yalibaki bila kazi yakauzwa kwa bei ya chini, na ndiyo sababu mashirika machanga duniani kote, likiwemo la kwetu, yaliweza kuzimudu. Ilikuwa na gurudumu la tatu mkiani, si puani, hivyo ikiwa imesimama ilielekeza pua juu, na abiria aliyeingia kwa mlango wa nyuma alipanda mlima ndani ya ndege mpaka kwenye kiti chake. Haikuwa na uwezo wa kushikilia hewa ndani kama ndege za leo, kwa hiyo haikuweza kupaa juu sana, na ilipita katikati ya mawingu badala ya kuyaruka.

Katika mtaa wa Kaloleni, hapa Arusha, yupo mzee mmoja aliyekuwa fundi wa ndege katika karakana za Embakasi, Nairobi, hadi East African Airways ilipovunjika mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa na mpaka ukafungwa. Nilipomwamkia na kumweleza nilichokuja kuuliza, aliitikia marahaba, akaniomba nisubiri, akaingia ndani. Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga: plagi ya injini ya Dakota, nzito kuliko ya gari, imeng'arishwa mpaka inawaka. Aliiweka kiganjani mwangu na kusema, "Mjukuu wangu, injini moja ilikuwa na silinda kumi na nne, na kila silinda ilikuwa na plagi mbili. Hesabu mwenyewe." Nilihesabu. Ni plagi 28 kwa injini moja, 56 kwa ndege nzima, na zote zilipaswa kufunguliwa, kusafishwa, kupimwa na kurudishwa na mikono ya watu kama yeye.

Alinieleza pia kazi ya alfajiri. Silinda za injini ile zimepangwa duara, na usiku oili hutiririka polepole hadi kwenye zile za chini. Ukiwasha injini kwa pupa, pistoni hugonga oili isiyokandamizika na mkono wake ukapinda. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, watu wawili walilisukuma panga kwa mikono, wakalipokezana na panga lililofuata, huku mmoja akihesabu kwa sauti mpaka wawe na hakika kwamba oili imetoka. Ndipo rubani aliwasha, moshi wa buluu ukafumka, na karakana nzima ikatetemeka. Mzee alisimulia haya bila kuyapamba. Vidole vyake viwili vina makovu ya kuungua. Nilipomuuliza kama angependa kuiona Dakota ikiruka tena, alijibu kwamba angependa kuisikia ikiwaka, lakini kupanda, akasema, hapana.

Mimi sikuwahi kupanda Dakota. Kumbukumbu yangu ni ya Fokker ya Shirika la Ndege Tanzania, mwaka 1984, nikiwa na miaka tisa, nikisafiri na mama kutoka KIA kwenda Dar es Salaam. Tuliingia kwa mlango wa nyuma. Bawa la ndege ile liko juu ya madirisha, na madirisha yenyewe ni makubwa ya umbo la yai, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuona chini. Ninaukumbuka mguu mrefu wa gurudumu, uliokuwa nje kabisa ya dirisha langu, ukijikunja na kupotea ndani ya kasha la injini chini ya bawa mara baada ya kuruka. Ndege ilikuwa ikipaa taratibu. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijitokeza likiwa limetandazwa kama shuka, na kushoto kwetu milima ya Pare ikawa inapita polepole, kilele baada ya kilele, karibu kiasi kwamba niliona njia nyekundu za miguu zikipanda kwenye makonde. Mama, ambaye tangu tukae hakuwa amesema neno kwa hofu, alinigusa bega akanyoosha kidole: "Mwanangu, pale juu ndipo kwa bibi yako." Nilitazama kijiji nilichokuwa nimekifika mara mbili tu kwa basi na kwa miguu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kiko wapi katika nchi hii, mto gani unapita chini yake, na kwa nini bibi alikuwa akilalamika kwamba mvua huishia upande wa pili.

Hicho ndicho naamini tunakililia. Fokker ilisafiri kwa mwendo wa kilomita 460 hivi kwa saa, juu ya mita 6,000 au chini ya hapo, na kwa kasi na kimo hicho nchi ilibaki kuwa nchi, yenye mito, mashamba ya mkonge yaliyopigwa mistari, na vilima vyenye majina ambayo mzazi aliweza kumtajia mtoto. Usafiri wa jeti umetupa mambo mengi mazuri, lakini uliikata safari ukaacha ncha mbili tu, ya kuondokea na ya kufikia. Kilichopo katikati kimekuwa weupe wa mawingu. Watu wanapomsifia Fokker uzuri wa mlio wake, kwa maoni yangu wanasifia jambo ambalo hawajalipatia jina, yaani kwamba ndege ile ilikuwa ikisafiri ndani ya nchi yao badala ya kupita juu yake.

Ni lazima kuwa waaminifu hata hivyo kuhusu nani alikuwa ameketi dirishani. Katika picha za miaka ya hamsini, abiria wanaoshuka kwenye Dakota wakiwa na kofia na mikoba ya ngozi karibu wote si sisi. Walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, walowezi na wafanyabiashara, na nauli ilikuwa nje kabisa ya uwezo wa mkulima wa kahawa wa Machame au Akeri. Hamu ya zamani inayoletwa kwetu kutoka Ulaya kupitia mabango na kalenda ni hamu ya watu waliohudumiwa, na tukiinunua nzima nzima tutajikuta tunaulilia utukufu ambao babu zetu waliutazama kutoka nje ya uzio.

Lakini si kweli pia kwamba enzi ile haikuwa yetu hata kidogo. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet, mtoto wa Meru, alifika New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza dunia kilichotendeka. Mwaka huo wa 1952 hakukuwa na ndege ya abiria ya jeti iliyokuwa ikivuka Bahari ya Atlantiki. Aliyeivuka kwa ndege aliivuka kwa rafadha. Watu wa Meru walichanga fedha zao kwa ajili ya malalamiko yale. Ningependa mtoto wa Arusha anayeonyeshwa picha ya ndege ya zamani aambiwe habari hiyo kabla ya kuambiwa habari za shampeni na vitambaa vya meza.

Upo upande mwingine ambao hamu ya zamani huufunika kwa haraka zaidi, nao ni vifo. Tarehe 18 Mei 1955, Dakota ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iliugonga mlima Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwemo walikufa. Mlima ule ule tunaoupigia picha tukiwa kwenye viti vyetu ulikuwa, kwa rubani wa wakati ule asiye na vyombo vya leo na aliyezungukwa na wingu, ukuta asiouona. Miaka 63 baadaye, tarehe 4 Agosti 2018, Junkers Ju 52 iliyotengenezwa mwaka 1939, ikiwa imebeba abiria waliolipa ili waonje safari ya kale, ilianguka katika milima ya Uswisi na kuua watu wote 20. Idadi ni ile ile, milima ni mingine. Wachunguzi walieleza kwamba marubani waliiendesha ndege ile kwa namna ya hatari kupita kiasi bondeni, na waliposhughulikia mabaki walikuta pia kutu na kasoro za matengenezo. Kwa sababu hiyo siungi mkono wazo ninalolisikia mara kwa mara miongoni mwa watu wa utalii hapa Arusha, kwamba itafutwe Dakota moja irushe wageni kuuzunguka mlima. Hewa ya huku ni nyembamba, upepo wa milimani haueleweki, na chuma cha miaka themanini hakina wajibu wa kututimizia ndoto zetu.

Najua msomaji atakuwa ameshaikumbuka ajali ya ndege ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ambapo tuliwapoteza ndugu 19 ziwani. Jeraha lile ni bichi mno kwangu kulitumia kama hoja ya upande wowote, na sitalitumia.

Nirudi kwenye lile pangaboi la 2016, kwa sababu dharau yetu kwake ilitokana na kosa la historia. Tulidhani rafadha ni baba na jeti ni mtoto, kwamba mmoja alikuja, akazeeka, akampisha mwingine. Ukweli ni kwamba Vickers Viscount, ndege ya kwanza ya abiria ambayo rafadha zake ziliendeshwa na injini za tabini, yaani gurudumu la mabapa linalozungushwa na gesi moto, badala ya pistoni, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 16 Julai 1948. Na de Havilland Comet, ndege ya kwanza ya abiria ya jeti, iliruka tarehe 27 Julai 1949. Walizaliwa wakipishana mwaka mmoja, katika nchi moja, kutokana na ugunduzi ule ule wa tabini. Injini ya Dash 8 na ile ya ATR ni ndugu wa damu wa injini ya jeti. Kinachozeekea makumbusho ni injini ya pistoni yenye plagi 28, ile ya mzee wa Kaloleni. Mapanga ya nje ni chaguo la kimakanika, wala si dalili ya uzee.

Na ni chaguo linaloifaa nchi hii. Rafadha husukuma hewa nyingi kwa mwendo mdogo, wakati jeti husukuma hewa kidogo zaidi kwa kasi kubwa zaidi, na kwa ndege isiyozidi kilomita 700 hivi kwa saa njia ya kwanza hutumia mafuta machache. Ukizidi hapo, ncha za mapanga hukaribia kasi ya sauti na faida hupotea, ndiyo maana safari za mabara ziliachiwa jeti. Lakini kutoka KIA hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450 kwa mstari ulionyooka, na katika umbali huo jeti inaipita Dash 8 kwa muda usiofika dakika kumi, yaani muda tunaoupoteza tukisubiri begi. Kisongo nako kuko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, na barabara yake ya kurukia haifiki kilomita mbili. Katika joto la mchana, hewa ya kimo hicho hailibebi bawa kama ya pwani. Ni rafadha inayokiwezesha kiwanja kile kilichoko mlangoni mwa mji kuendelea kuishi, na ni rafadha inayotua kwenye vumbi la Seronera. Wahandisi wakubwa hawajaliacha wazo hili: mwaka 2021 CFM, kampuni ya pamoja ya GE na Safran, ilitangaza mradi uitwao RISE wa injini yenye mapanga makubwa yaliyo wazi, wenye lengo la kupunguza matumizi ya mafuta kwa zaidi ya asilimia 20. Huenda wajukuu wetu wakapanda pangaboi kwenda Ulaya na wasione la kucheka.

Kuhifadhi ni jambo jingine, na hapo ndipo naona uzembe wetu. Ndege ya mwisho kabisa ya aina ya VC10 kutengenezwa ilikuwa ya East African Airways na ilisajiliwa kwa herufi za Tanzania, 5H-MOG. Shirika lilipovunjika ilirudi Uingereza, ikatumika jeshini kujazia ndege nyingine mafuta angani hadi mwaka 2013, na leo imehifadhiwa huko huko na watu wanaoipenda. Ile ni jeti, na nimeitaja kwa sababu moja tu: Waingereza wameona thamani ya kukitunza kitu ambacho kwetu hakina hata picha ukutani. Ningetamani pale Moshi, kwenye kiwanja cha zamani kilichopokea ndege za 1932, pawe na banda moja lenye Fokker iliyosimama, isiyoruka, ambayo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuipanda kwa mlango wa nyuma na kuketi kwenye dirisha la umbo la yai. Kando yake ziwepo sauti zilizorekodiwa za mafundi, wapakia mizigo, wahudumu na waongoza ndege ambao bado wapo katika mitaa ya Kaloleni, Majengo na Pasua. Hizi sauti ndizo ninazozihofia zaidi, kwa kuwa chuma kinaweza kununuliwa kwingine, lakini mtu aliyekuwa akihesabu mapanga alfajiri Embakasi hanunuliki popote.

Jumamosi moja mwaka jana nilimchukua yule mzee kwa gari hadi Kisongo. Tulisimama kando ya uzio, yeye akiwa ameshika waya kwa vidole vyake vyenye makovu, tukitazama ATR ikijiandaa kuondoka. Hakusema lolote kuhusu East African Airways. Injini ya kulia ilipoanza kulia na mapanga yake sita kuanza kuzunguka kwa uvivu, niliona midomo yake ikitikisika, na niliposogea karibu nikamsikia akihesabu kwa sauti ya chini, panga moja baada ya jingine, mpaka yakawa ukungu na hayahesabiki tena.